Kengele Ambayo Haikupatikana

Mama Vifungo, fundi cherehani, alitunga uzi kwenye sindano bila kubahatisha, lakini kusoma hakujua. Utotoni shule ilimpita kando. Ukubwani akaona haya.

Binti yake wa pekee alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Vitabu vya shule viliwachosha watoto, basi akawatungia vyake kwenye madaftari: hadithi fupi za upelelezi, sentensi za maneno manne matano, herufi kubwa kubwa. Mpelelezi alikuwa msichana wa miaka saba aliyeitwa Bi Mbona, kwa kuwa kila jambo alilihoji. Nani kala mkate? Nani kaficha ufagio? Jioni mwalimu alipita dukani kwa mama yake, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa na kumsomea.

"Mwizi ni paka," Mama Vifungo alisema, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani.

"Mama! Ndiyo kwanza ukurasa wa tatu."

"Wa tatu au wa thelathini, huyo ni paka tu."

Binti alicheka hadi machozi. "Njoo nikufundishe kusoma, uache kuniharibia utamu."

"Kesho, mwanangu. Nina gauni la watu hapa."

Kesho hiyo ikasogezwa miaka minne.

Jumatatu moja binti alianza kuumwa kichwa. Alhamisi alikuwa hospitali, hajitambui. Jumamosi asubuhi daktari alimwita Mama Vifungo pembeni, akamvutia kiti, naye akajua kabla hajaambiwa.

Wiki tatu baadaye mwalimu mkuu alimletea boksi lenye madaftari kumi. Mama Vifungo akageuza kurasa. Mwandiko wa mwanawe ulikuwa pale mbele yake, na hakuweza kuambulia hata neno. Hapo ndipo kilipomtoka kile kilio ambacho msibani kiligoma.

Kesho yake alifunga duka mapema, akaenda shuleni. "Niweke na watoto," alimwambia mwalimu mkuu. "Aibu nimeiacha nyumbani." Akakaa nyuma, magoti yakigonga dawati, akiimba ba, be, bi, bo, bu. Watoto walimsahihisha bila huruma.

"Bibi, hiyo si da, ni ba! Tumbo lake liko mbele!"

Ilimchukua miezi saba. Alisoma daftari baada ya daftari, kidole kikitangulia, na kila alipofika "Bi Mbona akasema," alisikia sauti ya mwanawe. Daftari la kumi lilihusu kengele ya shule iliyopotea. Hilo alilisoma kwa kujibania, nusu ukurasa kwa siku. Ukurasa wa tisa uliishia hivi: "Bi Mbona aliinama. Aliona nyayo. Akasema: Sasa najua!" Akageuza. Kweupe. Akageuza tena. Kweupe mpaka kwenye jalada.

Mwalimu mkuu alijitolea kuimalizia hadithi hiyo. "Mistari mitatu tu, mama. Watoto wasibaki njia panda."

"Usiiguse, mwalimu. Tafadhali."

Siku iliyofuata alisimama mbele ya darasa, akawasomea mwenyewe hadi pale ilipokatikia.

"Sasa nani kaichukua, bibi?"

"Sijui, wajukuu zangu. Aliyejua hakuwahi kuniambia."

Wakaanza kubishana, kila mmoja na mwizi wake. Mama Vifungo akalibana daftari kwapani, akatoka kabla hawajauona uso wake. Darasani hakurudi tena. Kusoma alishajua, na hakikubaki kingine alichotamani kukisoma.