Bastola Haiegemeki

Juzi nilimsindikiza rafiki yangu, fundi cherehani wa kwetu Lushoto, kwenye duka la silaha hapa ugenini, Malvern. Aliporwa simu akipanda mlima, na Jumapili bila mlima kwake si Jumapili.

Muuzaji akaweka bastola mbili kaunta. "Chukua ile utakayoibeba kutwa bila kuichoka, baba."

Rafiki yangu akaichomeka ndogo kiunoni, akatembea hadi mlangoni na kurudi, kama anayejaribu viatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa unashikashika hewa.

"Nyepesi," akasema. "Lakini penye mwinuko nitaiegemea vipi?"

Nilimwelewa. Wazee wetu hawakupanda bila bakora. Ilikung'uta umande wa majani, na watu waliiona tangu ng'ambo ya bonde wakaanza salamu. Hii bastola kazi yake ni kufichwa.

"Eish," muuzaji akasema taratibu, "hata babu yangu alikuwa na fimbo."

Fomu tukajaza, kibali husubiriwa miezi. Njiani, robot, yaani taa ya barabarani, ilipowaka nyekundu, rafiki yangu akamwita muuza mafagio, akanunua mpini mtupu.

Jumapili jioni akanipigia: "Bwana wee, leo nimesalimiwa na mlima mzima!"