Kreti ya Minji Iliyorudi kwa Dada

"Beth, umetumaliza. Kuanzia mama mpaka ng'ombe, hakuna mtu umebakisha," Njau alisema, akaangusha kreti ya minji, njegere zake, kando ya mfereji, hapo wapangaji tunafulia nguo.

Beth ni dadake. Alikuwa amekalia ndoo akifunga viatu aende kazi.

"Ng'ombe nimemfanyia nini?"

"Hata yeye nimempea hizi minji akakataa."

Mulei, keateka anayetutunzia ploti, akacheka halafu akajifanya anakohoa.

Sasa huyu Beth, kama humjui, anafanya kazi kwa kampuni fulani hapa Viwandani, wanapaki mboga za kwenda ng'ambo. Anasimama kwa meza, minji inapita mbele yake, zile bapa za kuliwa na ganda lake, na yeye anatoa mbaya. Ganda likiwa na katundu ka kiwavi, jicho lake limeshafika. Hiyo tabia alikuja nayo mpaka hapa mtaani kwetu, Landless. Ukienda naye kununua nyanya, mama wa kibanda anaanza kuomba Mungu. Hata wanaume anachambua. Kuna mmoja wa Juja alikuja na suti na kuku. Beth akamwangalia kola tu, jamaa akarudi na kuku wake.

Njau naye analima minji huko Gatanga. Wanauza kama kikundi, lori moja. Msimu huu wadudu walikuwa wengi, majani yote yamechorwa mistari nyeupe kama ukuta wa nasari. Na kreti yake ikapatikana na kiwavi hai. Kiwavi akiwa hai kreti inarudi, na mwenyewe anaweza kutolewa kwa kikundi. Kesho yake kikundi kilikuwa kinakaa kumjadili.

"Kiwavi mmoja," Njau alisema. "Mdogo. Hata hajaota meno."

Jirani yangu Mbinya alikuwa ameshajisevia sufuria moja. Akapasua ganda. "Huyu hapa ni ndugu yake. Na huyu ni shangazi."

"Kwani hukuchambua nyumbani?" Beth akauliza.

Njau akaangalia chini. "Nilijua uko kwa meza."

Mkono wangu ukasimama ndani ya beseni. Kikundi kizima kinachambua ganda kwa ganda, isipokuwa huyu, kwa sababu dada yuko ndani. Na hiyo habari ya dada kwa meza, Njau alikuwa ametangazia watu mpaka kanisani.

Njau akachuchumaa mbele ya Beth. "Nisikize, wa maitu, mtoto wa mama. Kesho kuja uambie kikundi ni nyinyi wa meza mlikosea. Kreti zinakuja na namba, hazina majina. Hata wewe, ungejuaje ni yangu?"

Hebu fikiria. Beth akisema alikosea, kampuni ikisikia, hiyo meza ataiona kwa ndoto. Asiposema, Njau atauzia nani minji?

Beth akaingiza mkono kwa mfuko wa aproni, akatoa kipande cha leso ya kijani, kimekunjwa vizuri.

Hiyo leso naijua, mama yao huja amejifunga nayo hapa Krismasi. Imezeeka, siku hizi anairarua akifungia kijana wake kreti.

Mbinya akaweka sufuria chini. Maji yalikuwa yanamwagika kwa ndoo ya Mulei na hakuna aliyefunga mfereji, mimi ndio nilikuwa karibu na sikuweza.

"Uliiona kabla ya kiwavi ama baada?" Njau akauliza.

"Kabla. Ni mimi nilifungua hiyo kreti."

"Ukajua ni kreti ya mama."

"Ya mama ni leso. Viwavi ni wako."

Akasimama, akapanguza sketi, akasukuma nywele zote ndani ya kofia ya kazi mpaka hakuna hata moja ilibaki nje. Leso akairudisha mfukoni.

"Beth. Kesho utakuja ama hutakuja?"

Akaruka maji, akafungua geti, akaenda zake kwa meza.