Nilifuta sauti ya mtoto wa marehemu kaka yangu

Admin, nifichie jina, maana Uvira watu wanajuana, na katika kisa hiki hakuna aliyenikosea. Mimi ndiye niliyekosa. Nina miaka thelathini na sita, ninaishi mtaa wa Rugenge na mke wangu na binti yetu wa miaka minne. Ni fundi wa sauti katika redio ndogo. Watu wakirekodiwa sokoni au kando ya ziwa, mimi ndiye ninayeondoa upepo, pikipiki na vikohozi ili maneno yasikike safi. Kazi ninaijua, na kwa kuijua huko nilijiona sana.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mkulima Katogota. Vita vilipowafikia alipanda lori na mkewe na mtoto wao wa kike, wa umri sawa na binti yangu, wakielekea huku kwetu. Humo ndani ya lori alirekodi kwa simu ujumbe wa kumpelekea mama yetu, autume mtandao ukirudi. Hakuwahi kuutuma. Bomu lilianguka barabarani, kaka na mtoto wakafia palepale. Shemeji alifika kwetu kwa miguu baada ya siku tatu, mkononi ana simu iliyopasuka. Kilichopona ni kadi ya memori, na ndani yake ule ujumbe wa dakika mbili. Tangu hapo aliusikiliza kila siku kwa simu ya kuazima, ameibana sikioni, na sisi tukadhani anamsikiliza mumewe.

Siku ya kumaliza kilio ilipokaribia, baba mdogo aliniita. "Weye iko fundi. Utusafishie ile sauti ya mukubwa wako, watu wote wasikie ku baffle," yaani kwenye spika kubwa. Shemeji akanipa kadi.

Nilikuwa na programu mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya zamani, ya bure, iko kwenye kompyuta ya redio. Unaionyesha sekunde chache za kelele tupu, inaitambua, kisha unaipunguza kidogo kidogo unavyotaka. Ukizidisha, mtu anasikika kama anaongea ndani ya ndoo, kwa hiyo inataka subira na kelele fulani lazima ibaki. Ya pili ni mpya, iko kwenye simu yangu, nayo haikuulizi kitu. Inatafuta mtu aliye karibu zaidi, inambakisha huyo peke yake, mengine yote inatupa. Mwenzangu wa kazi alinishauri nitumie ya zamani. "Ile mupya inakulaka vitu," alisema, yaani hula hata visivyo kelele. Nilimcheka. Nilitaka watu washangae.

Na kweli, siku ya shughuli walishangaa. Injini, mvua juu ya turubai, vilio vya watu, vyote vilitoweka. Kaka akabaki peke yake: "Mama, usilie, tuko njiani, tunakuya," kana kwamba ameketi nasi. Mama alianguka chini kwa kilio. Wajomba walinishika mkono wakinisifu. Shemeji aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, nami nikamfuata.

"Mulamu," aliniambia, maana ndivyo huku mashemeji tunavyoitana, "mutoto iko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu. Nyuma ya maneno ya mumewe, chini ya injini, binti yake anasema: "Papa, kiatu yangu moja imebakia." Kilimdondoka walipokuwa wakigombania kupanda lori. Hiyo ndiyo sauti pekee ya mtoto wake iliyobaki, na picha hana hata moja, nyumba iliungua. Mimi niliusikiliza ule ujumbe labda mara ishirini, kwa masikio yangu haya ya fundi, na sikumsikia mtoto.

"Haina neno," akasema. "Unirudishie tu ile ya mbele, ile ya makelele."

Hapo ndipo nilipodanganya. Nilimwambia iko kwenye kompyuta ya redio. Ukweli ni kwamba kazini tuna kawaida yetu: ukishasafisha sauti, ile chafu unaifuta papo hapo, mtu asije akairusha hewani kwa haraka. Niliifuta kwenye kadi bila hata kufikiri, mkono umezoea. Halafu kwenye kadi hiyohiyo nikarekodi shughuli nzima, hotuba na nyimbo. Nimejaribu kila programu ya kurudisha vilivyofutwa. Zinaniletea kwaya tu.

Sasa ni miezi minne. Kila Jumamosi shemeji anakuja. "Mulamu, uliiona?" Ninamjibu umeme hakuna, au mkubwa wa redio amesafiri na ufunguo. Ananiamini, ananishukuru, anaenda zake. Ninajichukia.

Wiki iliyopita nilifanya jambo ambalo mke wangu hajui. Nilimkalisha binti yangu mbele ya mikrofoni, nikamwambia ayaseme yale maneno. Alitazama miguu yake. "Lakini Papa, viatu yangu iko hapa, yote mbili." Nikamkaripia, akasema. Nikamweka nyuma ya sauti ya kaka, nikaongeza injini na mvua tulizo nazo redioni, mpaka asisikike ila kwa mtu anayejua pa kumtafuta. Sijawahi kutoa kazi nzuri kama ile. Niliisikiliza mara moja, nikamlilia mtoto wa kaka, nikasahau kabisa kwamba anayeongea ni wangu.

Nikimpa shemeji, labda atapata usingizi. Labda pia neno la kwanza tu litamwonyesha kwamba si wake, na hapo sijui nitauweka wapi uso wangu. Kumwambia kwamba nilimfuta mtoto wake, nimejaribu mara mbili, mdomo umekataa. Ninyi mliofiwa vitani, hasa ninyi akina mama, semeni nami bila kunihurumia. Nishaurini, nifanye nini? Jana shemeji alimtuma mtu aniletee kadi mpya ya kutilia ile sauti, ameifunga kwenye kipande cha kitenge, na ujumbe wake ni mmoja: safari hii nisisafishe kitu.