Ufa wa Wapendanao

Fundi alikuwa na kazi ambayo marehemu baba yake, aliyemfundisha kushika mwiko, angeisikia angecheka mpaka akose pumzi: alizeesha kuta. Mtu alijenga nyumba mpya kabisa, saruji yenyewe haijapoa, kisha akamwita Fundi aifanye ionekane imesimama pale tangu enzi za mababu. Fundi alifika na karai, brashi ya waya na ndoo mbili. Ndoo ya kwanza ilikuwa na chai nyeusi iliyolala siku tatu, ya kupaka chini ya madirisha ili pawe na michirizi kama ya machozi. Ya pili ilikuwa na mtindi. Ukiupaka upande wa kivuli na kuumwagia maji kila asubuhi, baada ya wiki tatu ukuta huota ukungu wa kijani. Ukungu ukishaota, wageni hushuka kwenye magari yao, hushika vifua na kusema, "Jamani, angalia historia."

Wageni walikuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili mchana. Mji wenyewe ulikuwa na barabara moja ya kwenda baharini na vichochoro vinne vya kurudia, na kwa miaka mingi hakuna aliyeufikia ila aliyepotea njia. Halafu mtu mmoja akapiga picha ya mlango uliochakaa, picha ikazunguka kwenye simu, na tangu hapo watu wa mji mkubwa waligundua kwamba hawawezi kupumua mpaka waje pale. Walifuata utulivu, kila gari na spika yake. Walitaka maisha ya kawaida ya watu wa kawaida, kisha wakauliza kama vyumba vina kiyoyozi. Wakiwasalimia wazee, walitumia ile sauti ya kumbembeleza mtoto anyonye. Ujanani Fundi alikuwa amefanya kazi katika bandari za nchi tatu na aliweza kugombana kwa lugha nne, kwa hiyo hakuwa mtu wa kushangaa wageni. Kilichomchosha kwa hawa ni kwamba hawakuwahi kuuliza swali ambalo hawakuwa wamekuja na jibu lake.

Aliyempa kazi alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mandhari, ambaye pia ndiye mwenye nyumba kubwa ya wageni pale kona. Alikuwa mtu wa shati la kitani lililonyooka na sauti ya chini, kama anayemwamsha mgonjwa. Kamati yake ilikuwa na wajumbe saba. Sita kati yao walikuwa na nyumba za wageni, na wa saba aliuza kofia. Walipitisha kwamba ukuta wowote unaotazama mtaa hautakarabatiwa bila kibali. Kibali chenyewe kilisemekana kipo, ila hakuna aliyewahi kukiona.

Nyumba ya shangazi yake Fundi ilikuwa katikati ya mtaa huo. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, Fundi akiwa hajaota hata meno ya mbele. Miaka miwili nyuma, Kamati ilipompa Fundi mtaa mzima auzeeshe, kichwa kilimvimba. Alipofika kwenye nyumba ya Shangazi alikwangua lipu yote ya nje mpaka mawe yakaonekana, akapaka mtindi wake.

"Nakupamba, Shangazi," alisema kutoka juu ya ngazi.

"Nipambe, mwanangu. Ila mimi naona kama unanivua."

Alicheka. Alikuwa na haraka ya kumaliza. Miezi michache baadaye, lori lililokuwa linapeleka vigae kwa Mwenyekiti lilirudi nyuma vibaya na kuugonga ukuta ule ule, ambao sasa haukuwa na nguo mwilini. Ukapata ufa kutoka dirishani hadi msingini, umepinda katikati kama goti. Badala ya kuuziba, Kamati ilisimamisha ubao. Ubao ulieleza kwamba miaka mia tatu iliyopita kijana mmoja alinyimwa mchumba, akaupiga ukuta kwa ngumi ya uchungu, na kwamba tangu siku hiyo wanaobusiana mbele ya Ufa wa Wapendanao hawaachani maisha. Dereva wa lori alikuwa bado hai. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Basi kila Jumamosi foleni ilianza asubuhi. Wapenzi walisimama wawili wawili, wakainamishiana vichwa, wakakaguana kwenye simu, wakarudia kwa sababu mmoja alifumba macho. Kitanda cha Shangazi kilikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Alilala na kuamka na "Geuka kidogo," na "Tabasamu basi," na ugomvi wa nani alimwahi nani kwenye foleni.

Kelele hizo angezivumilia, maana Shangazi alipenda kusikia watu wakigombana. Kilichomshinda ni maji. Mvua zilipokuja, ukuta uliovuliwa nguo uliyanywa yote. Chumbani chokaa ilivimba kama ngozi iliyoungua, godoro likanuka, na kifua chake kikaanza kukohoa kikohozi kizito ambacho hakikuondoka hata jua lilipowaka. Fundi aliziba kwa ndani mara mbili, na mara zote mbili lipu ilibanduka ikaanguka kitandani vipande vipande. Alijua itaanguka. Maji yakiingia kwa nje ukaziba ndani, umeyafungia mlango wa kutokea tu.

Muuguzi wa zahanati alimsikiliza Shangazi mgongoni, akamwita Fundi pembeni.

"Dawa nitampa. Lakini akilala chumba hicho mvua nyingine, usije kwangu, maana sitakuwa na la kukuambia."

Mvua zilikuwa zimebakiza mwezi mmoja zianze. Fundi alimwomba Shangazi ahamie kwake.

"Nihame nyumba yangu nimwachie ufa?" Shangazi aliuliza. "Huo ufa umeolewa hapa?"

Hakumlaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililomnyima Fundi usingizi, kwa sababu yeye alikumbuka vizuri nani alishika brashi ya waya.

Alikwenda kwa Mwenyekiti siku ya Jumatatu, baada ya wageni kuondoka. Mapokezi palinuka sabuni na maua ya plastiki. Mwenyekiti alimkaribisha kiti, akamsikiliza huku amefumba macho, ishara ya mtu anayeguswa.

"Shangazi yako ni mama yetu sote," alisema.

"Basi nipe kibali nimfunike mama yetu sote. Siku mbili tu, lipu ya chokaa, namaliza."

"Fundi, wewe ni msanii. Unajua ule si ukuta tena. Ule ni kumbukumbu."

"Ni kumbukumbu ya lori lako, Mwenyekiti."

Mwenyekiti alifumbua macho. "Ziba kwa ndani."

"Nimeziba mara mbili. Mara ya pili imemwangukia usingizini."

"Ziba mara ya tatu. Wewe ndiye fundi, mimi nitakufundisha kazi?" Akasimama, na sauti ikazidi kushuka. "Ukigusa nje, mtaa huu hutashika tena mwiko. Sikutishi, nakwambia kama ndugu."

Fundi alitoka. Akakaa juu ya gunia la saruji nyuma ya nyumba yake na kufikiri. Siku za kazi, Mwenyekiti angetuma walinzi wamshushe kwenye ngazi kabla hajapiga karai la kwanza. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja ambao mtaa mzima uliujua: mbele ya wageni hagombani. Mbele ya wageni mtaa wake hauna ugomvi, hauna madeni, hauna kikohozi. Siku salama ya kuvunja sheria ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa.

Kwa hiyo Jumamosi Fundi alifika na ngazi, mchanga uliochekechwa, chokaa iliyolowekwa siku tano na mfuko mmoja wa saruji. Akaung'oa ubao wa hadithi, akauegemeza pembeni kwa adabu, akaanza kusugua ukungu kwa brashi. Wapenzi waliokuwa wa kwanza kwenye foleni walibaki wameshikana viuno.

"Samahani, unafanya nini?" aliuliza mwanamke mwenye kofia pana kama sinia. "Sisi tumeendesha gari kwa saa tano kwa ajili ya huu ufa."

"Naufunga."

"Lakini ni wa kale."

"Utanisamehe, mama. Sogea, nisije nikakuchafulia kofia."

Aliumwagia ukuta maji, kwa sababu ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu na kuiua. Kisha akaanza kurusha. Chokaa iliingia kwenye ufa kwa sauti ya kofi, moja baada ya jingine, kutoka msingini kwenda juu. Foleni iligeuka kuwa duara. Simu zikainuliwa.

Mwenyekiti alifika akitembea kwa mwendo wa mtu anayekimbia bila kutaka ionekane. Alikuwa anatabasamu meno yote. Alisimama chini ya ngazi, akaongea bila kutikisa midomo.

"Shuka hapo."

"Nikishuka sasa itakauka nusu, Mwenyekiti. Itakuwa na madoa. Mandhari itaharibika."

"Nitakupoteza katika mji huu."

"Sema kwa nguvu kidogo, yule baba mwenye kamera hajasikia."

Yule baba mwenye kamera alikuwa amesogea kweli. "Hii ni sehemu ya ziara?" aliuliza.

Mwenyekiti aligeuka, na Fundi akasikia kabisa jinsi uongo ulivyomtoka laini, kama mlango uliotiwa mafuta. "Ndiyo, ndugu yangu. Maonyesho ya ufundi wa kale. Mara moja tu kwa mwaka."

Wageni walipiga makofi. Mmoja aliomba ajaribu, akapewa mwiko, akarusha chokaa ikamrudia kwenye miwani, akafurahi kuliko mtu aliyeshinda bahati nasibu. Ndipo dirisha likafunguka na Shangazi akatoa kichwa, kitambaa mdomoni, akakohoa kile kikohozi chake mpaka simu zikashushwa moja moja.

"Kumbe kuna mtu anaishi humu?" aliuliza mwanamke wa kofia.

"Tangu nilipoolewa," Shangazi alisema. "Na wewe ndiye yule wa 'tabasamu basi'? Au yule ni mwenzako?"

Mwanamke wa kofia aliinamisha macho kwenye simu yake, ingawa hakuna aliyempigia. Kwa muda kidogo watu wale walionekana kama wanataka kusema kitu cha maana. Kisha mmoja akakumbuka kwamba meza za chakula ufukweni hujaa mapema, na duara likayeyuka.

Fundi alimaliza jua linapokaribia kuzama, akapitisha ubao wa kusawazisha, akashusha timazi kuhakikisha ukuta umenyooka. Kwa siku saba alikuja asubuhi na jioni kuumwagia maji, maana lipu isiponyweshwa hupasuka. Hakuna aliyemzuia. Mwenyekiti alishawaambia wageni kwamba ni ufundi wa kale, na sasa angewaambia nini?

Alilipiza kwa njia nyingine, kama alivyoahidi. Kazi zote za mtaa zilimtoka Fundi wiki ile ile, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya mafundi wa Kamati. Akapata kazi ya kupiga lipu madarasa manne katika kijiji cha bara ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipiga picha, huko ambako mwalimu mkuu alimwomba kitu kimoja tu: kuta zisiingize maji. Ilikuwa mbali, alirudi nyumbani Jumapili tu. Mvua zilipoanza, Jumapili ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi, akapapasa ukuta wa chumbani kwa kiganja. Ulikuwa mkavu. Shangazi alikuwa anakohoa bado, lakini kikohozi kilikuwa chepesi, cha juu juu.

"Kumekuwa kimya mno," Shangazi alilalamika. "Sina hata ugomvi wa kusikiliza. Nenda kwa Mwenyekiti uone, wote wamehamia huko."

Fundi alikwenda kuona. Kamati ilikuwa imetafuta ukuta mwingine mtaa mzima, ila kila mwenye nyumba alishaingia chumbani kwa Shangazi akaishika ile chokaa iliyovimba kwa mkono wake, akakataa katakata. Wageni nao walikuwa wameanza kuulizia ufa wao. Mwisho Mwenyekiti alilazimika kutoa ukuta wake mwenyewe, ubavuni mwa nyumba ya wageni. Kijana wa kazi alikuwa ameukwangua lipu na kuupasua kwa nyundo, na ubao ulikuwa umesimama pale, mpya kidogo kuliko zamani. Sasa miaka ilikuwa mia nne.

Foleni ilikuwa ndefu licha ya manyunyu. Yule mwanamke wa kofia alikuwa amerudi, na safari hii alimleta mume.

"Ndio huu," alimwambia. "Ndio ule ule, naukumbuka vizuri."

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na stoo ya mashuka. Fundi alimkuta mfuaji kibarazani, ananusa shuka lililokunjwa na kulitupa kwenye kapu la kurudia. Maji yalishaanza kupita. Alimwuliza kama wageni hawalalamiki harufu.

"Walalamike?" mfuaji alisema. "Jana mmoja kaniuliza sabuni gani tunatumia. Anasema nyumba ina harufu ya zamani, anataka akaweke na kwake."