Nilimsindikiza bimkubwa kliniki ya macho, kumbe mgonjwa mwingine nilikuwa mimi

Wakuu, amani iwe kwenu. Wakubwa zangu wote humu, shikamooni.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nyuzi zenu nasoma, nacheka, napita. Ila hili limekaa kifuani muda mrefu, na kila nikimsimulia mtu uso kwa uso naishia kulia, kwa hiyo acha niliandike. Sijatia chumvi. Nimebadilisha majina tu.

Mimi ni mwanamke, nipo kwenye arobaini na kitu. Nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo. Kwetu ni Ilala, nyumba ya marehemu baba, na hapo ndipo anapoishi bimkubwa, mama yetu. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu, nitamwita Sudi. Sudi ni dereva wa fuso lake mwenyewe, anapakia mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo anapeleka mikoani. Ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake.

Sasa twende taratibu.

Bimkubwa alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia. Ilifika mahali anamimina chai pembeni ya kikombe. Tukampeleka hospitali, akafanyiwa operesheni, wakatoa ile lenzi iliyochafuka wakaweka ya bandia.

Wakuu, ile operesheni ilikuwa kama muujiza. Kesho yake bandeji inatolewa, bimkubwa akaniangalia weee, kisha akasema, "Zai mwanangu, kumbe umezeeka hivi?"

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta.

Kuanzia hapo bimkubwa akawa mtu mpya. Anachambua mchele mwenyewe, anatunga uzi kwenye sindano, anamkosoa kila anayefagia uwanja. Kwa hiyo alipoitwa kwa ajili ya ufuatiliaji tulienda kwa raha zetu, kama watu wanaoenda kupokea pongezi.

Jicho lililofanyiwa operesheni walikuta lipo freshi. Tatizo likawa lile lingine, ambalo hakuwahi kulilalamikia. Daktari, mama mmoja mpole sana, akasema lina glakoma, ile watu wanaita presha ya macho. Presha ndani ya jicho inapanda, inaua taratibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Haiumi. Haiwashi. Jicho linaweza lisiwe jekundu wala nini. Unaibiwa macho huku umekaa unaangalia tamthilia.

Akaandikiwa matone. Halafu daktari akatuambia pale hospitali wanafanya utafiti. Wanafuatilia watu waliofanyiwa operesheni za macho, waone wanaendeleaje baada ya muda, na kwa wale wenye glakoma wanaomba kuwapima watoto na ndugu zao wa damu, kwa sababu ugonjwa huu unapenda kutembea ndani ya familia. Akanieleza kila kitu kwa Kiswahili, kwamba si lazima, na hata nikikubali naweza kujitoa wakati wowote na mama ataendelea kutibiwa kama kawaida.

Nikampigia Sudi kwanza. Kaka yangu akisikia neno utafiti anaona panya wa maabara.

"We Zai, usikubali! Wanataka kutujaribia dawa hao."

"Kaka, ni kupima tu."

"Mimi nasoma namba ya gari iliyo mbele yangu mpaka na stika za kwenye kioo. Nikapimwe nini? Mpimwe nyie mnaokaa gizani na mapazia."

Akakata simu.

Mimi nilikubali kwa sababu moja tu: tayari nilikuwa pale na bimkubwa bado alikuwa anasubiri matone yake. Nilikubali kama mtu anavyokubali kuonja karanga.

Wakaanza na herufi ukutani. Nilisoma zote, mpaka mstari wa chini kabisa. Nikajiona bingwa. Kisha wakaniingiza chumba chenye mwanga hafifu, kuna mashine kama bakuli kubwa jeupe, unaweka kidevu, unafumba jicho moja, unakodolea kitaa kimoja katikati. Vitaa vingine vidogo vinawaka huku na huku, ukikiona kimoja unabonyeza kitufe.

Jicho la kulia nilibonyeza vizuri. Tukahamia la kushoto.

Mwanzoni vilikuja viwili vitatu. Halafu kimya. Nikasubiri. Nikasubiri. Nikaanza kuwaza mambo ya dukani, mzigo wangu uliokuwa stoo. Mwisho nikamwambia yule dada fundi wa mashine, "Samahani, hii imeganda."

Akasema, "Haijaganda, dada. Inaendelea."

"Mbona hakuna taa?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Wewe angalia katikati tu, tumalizie."

Wakuu, pale ndani kulikuwa na kiyoyozi lakini jasho lilinitoka mgongoni.

Kwa daktari nikaonyeshwa picha. Jicho la kulia lilikuwa na doa dogo pembeni. La kushoto, karibu lote lilikuwa jeusi, kimebaki kipande katikati na pembeni kidogo. Nikamwambia, "Daktari, hiyo si yangu. Mimi naona." Akaniambia, "Unaona mbele, na jicho zima linalisaidia bovu, ndiyo maana hujajua."

Ndipo nikakumbuka mambo. Jirani yangu wa kushoto pale dukani, mama Mangi, alinuna muda mrefu, anasema ananipungia mkono nampita kama sanamu, kwamba nimeanza maringo. Mikokoteni ya Kariakoo ilishanigonga bega la kushoto mara nyingi, na kila mara ni mimi niliyemtukana msukuma mkokoteni. Nilijua mji umejaa watu wasio na adabu.

Niliuliza, "Litarudi lini?"

"Lililokufa halirudi," daktari akasema. "Tutapigania lililobaki."

Nilitoka nje nimeshika kichupa cha matone. Bimkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi, na kwa lile jicho lake jipya akauona uso wangu kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia. Akashika ncha ya mtandio wangu, akaikunja akaikunjua.

Kisha akasema, "Nimekupa mimi."

Hilo neno bado linanichoma. Nilimwambia mama, umenipa na sauti, na urefu, na duka nililianza kwa kanga zako, sasa hili nalo unataka ulibebe peke yako? Tukalia wote pale mbele za watu. Mlinzi akatuuliza tumefiwa na nani.

Baada ya hapo akili yangu yote ikahamia kwa Sudi. Ni mkubwa kwangu. Na yeye anashika usukani.

Nilimpigia, akaniambia nimeshatiwa hofu na wazungu. (Hakukuwa na mzungu hata mmoja, wote ni wabongo wenzetu.) Bimkubwa akampigia, akasema sawa mama, akaingia safari ya Mbeya. Aliporudi, alikuja dukani kwangu kusubiri mzigo wa mteja upakiwe. Nikasema leo leo.

Nilishamuuliza daktari kama kuna kitu naweza kufanya nyumbani. Alinionyesha kitu kidogo, akasisitiza kwamba hakichukui nafasi ya kipimo, ni cha kumshtua tu mbishi.

Nikamwambia Sudi, "Kaka, kaa kwenye kiti hapo. Funika jicho moja. Niangalie puani, usihamishe macho. Nitaleta mkono kutoka pembeni, ukiona vidole vinacheza sema."

Akacheka. "Tunacheza mchezo wa watoto sasa?" Lakini akafunika.

Nikanyoosha mkono, nikaanza kuchezesha vidole. Mara ya kwanza, huku nje kabisa. Hajasema kitu. Nikasogeza. Kimya. Nikasogeza tena, vidole vinacheza, sasa vipo usawa wa sikio lake, mama Mangi amesimama mlangoni anaangalia, amejishika mdomo.

Sudi akasema, kwa dharau kabisa, "Haya basi, anza!"

Wakuu, mkono wangu ulikuwa karibu na shavu lake.

Niliendelea tu kuusogeza mpaka akauona, akashtuka akarudi nyuma na kiti, kama mtu aliyetokewa na nyoka. Akasema, "Umeutoa wapi huo?" Mama Mangi akajibu kwa ajili yangu: "Kaka, ulikuwepo hapo muda wote."

Tulibadilisha jicho. Lile lilikuwa na nafuu, lakini si nafuu ya kufurahia.

Safari hii alienda hospitali bila kusukumwa. Walipomaliza vipimo vyote, daktari yule yule akamuuliza anafanya kazi gani.

"Dereva. Fuso."

Daktari akaweka kalamu chini. "Leo umekuja na nini?"

"Na gari, nimepaki hapo nje."

"Bwana Sudi, kwa heshima zote, naomba hiyo gari airudishe mtu mwingine."

Jicho moja lilikuwa limebaki na kipande kama cha kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. La pili lilikuwa linaelekea huko. Kaka yangu alikuwa anavuka mikoa akiiona barabara kupitia mrija. Alisoma namba za magari, kweli kabisa, kwa sababu namba zipo katikati. Mtoto anayetoka pembeni, ng'ombe, baiskeli, hivyo vyote kwake havikuwepo mpaka vifike mbele ya bampa.

Akatuambia kuna bodaboda iliwahi kumtokea maeneo ya Morogoro. Alivuta breki, yule kijana akaangukia majanini akapona. Sudi alishuka akamzaba kofi, akimwambia umetokea wapi. Alipofika hapo kwenye kusimulia akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nina uhakika lile kofi analisikia mpaka leo.

Funguo alinipa mimi. Tulitafuta dereva.

Kwa Sudi matone peke yake hayakutosha, presha iligoma kushuka. Wakapendekeza operesheni, jicho lililo na nafuu lianze. Wanatengeneza kijia kidogo cha kupitisha maji ya jichoni, presha ishuke. Walimweleza vizuri kabisa, na mimi nilikuwepo, kwamba operesheni hii haileti macho mapya.

Tatizo ni kwamba sisi tulishaona ya bimkubwa. Unasikia kwa masikio, lakini moyo umeshajipangia mengine.

Siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwa wote. Bimkubwa alivaa gauni la sikukuu. Nesi akafungua taratibu. Sudi akapepesa, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Mbona vile vile?" akasema. Kisha, "Hapana, hata ukungu umeongezeka!"

Akapandisha sauti. Kwamba tumechezewa, kwamba amefanywa namba kwenye utafiti wa watu, kwamba alisema tangu mwanzo. Watu waligeuka. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Daktari alimsubiri amalize. Akavuta kiti, akakaa mbele yake karibu, mahali ambapo Sudi angemwona. Akamwambia, "Jicho la mama lilikuwa dirisha lenye kioo kichafu. Tulibadilisha kioo. Lako kioo ni kizima, nyaya ndizo zilizoungua. Nyaya hatuna za kubadilisha. Ukungu huo utaisha. Na presha imeshuka pale tulipotaka. Kwako wewe, ukibaki na hiki ulichonacho leo mpaka uzeeni, tumeshinda."

Sijawahi kusikia ushindi wa aina hiyo. Bimkubwa ndiye aliyesema, "Daktari, basi kishikilieni hicho hicho."

Ni zaidi ya mwaka sasa. Ukungu uliondoka kweli. Presha ya Sudi imetulia na picha zake hazijaongezeka weusi. Fuso bado lipo, linaendeshwa na mwingine, yeye anasimamia upakiaji hapa Kariakoo. Kuna siku yuko poa anatania wapagazi. Kuna siku gari linaondoka na yeye anabaki amesimama barabarani, hageuki mpaka lipotee kona. Hizo siku simsemeshi.

Mimi natia matone kila siku, na nitatia mpaka nife. Yana vituko vyake: kope zimerefuka, wateja wananiuliza nimebandika wapi. Mama Mangi tumepatana, sasa akitaka kunisalimia anakuja mbele yangu kabisa ananipungia mikono yote miwili kama anaongoza ndege.

Nilichojifunza ni hiki. Kusoma herufi za ukutani zote si ushahidi kwamba macho ni mazima. Mimi nilizisoma. Sudi alizisoma. Kama kwenu kuna mzazi, mjomba, shangazi aliyepofuka "kwa uzee" na hakuna aliyejua ni nini, nenda kapimwe presha ya macho na ule mshipa wa nyuma uangaliwe, hata kama huumwi kitu. Na ukiambiwa kuna utafiti, uliza maswali yote, usione aibu. Wakikueleza ukaelewa, basi usikimbie neno tu. Mimi bila ule utafiti nisingeingia chumba kile mpaka siku jicho la kulia nalo lizime.

Wenye uzoefu na operesheni ya presha ya macho naombeni mniambie mnaendeleaje. Madaktari mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na zaidi ya wote namtafuta mtu aliyewahi kuacha udereva kwa sababu ya macho: uliyazoeaje maisha? Andika hata kwa kirefu. Nitamsomea kaka, kwa sababu mistari ya kwenye simu siku hizi inamkimbia, na mwenyewe hawezi kuomba.