Mgongo wa Komando

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla chai haijamiminwa, korido ya wodi ya wanaume imejaa watu waliochuchumaa. Wauguzi, wahudumu, mfagiaji na hata daktari wa zamu wameegemeza migongo ukutani, magoti yakiwatetemeka.

"Atakayecheka anaanza upya!" anafoka mwanamke mnene aliyesimama mbele yao.

Daktari anaangua kicheko. Anaanza upya.

Huyo ndiye Komando, mhudumu wa wodi hii na mama wa watoto watatu. Jina hilo alibandikwa na wagonjwa, na ukimwona akimgeuza kitandani mtu wa kilo mia, unabaki mdomo wazi. Anatanguliza mguu mmoja, anakunja magoti, anaivuta shuka kuelekea kifuani pake, na jamaa anageuka huku akiendelea kukoroma.

Huwezi kuamini kwamba miaka miwili iliyopita Komando huyuhuyu alishindwa kuvaa viatu.

Mzee mmoja aliteleza bafuni akiwa amemshika mkono. Komando akamdaka.

"Sisi ndivyo tulivyo," anasema. "Mgonjwa akianguka unadaka kwanza, akili inakuja baadaye. Mzee hakupata hata mchubuko. Mimi nikasikia kitu kiunoni kimefanya ka! Nikajua nimekwisha."

Wiki sita alilala chali nyumbani, akiogeshwa na binti yake wa kwanza.

"Mtoto niliyemwogesha mimi, leo ananiogesha yeye," anasema, na sauti yake inashuka. "Nililia, ndugu mwandishi. Wala si kwa maumivu."

Aliporudi kazini, muuguzi mkuu alimweleza bila kumung'unya maneno: mgongo ukigoma tena, atahamishiwa stoo ya mashuka.

"Mimi na mashuka tutaongea nini?" anauliza Komando, macho yamemtoka.

Aliyemwokoa ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali hiyo, dada mpole aliyekuwa amechoka kungoja watu waumie ndipo awatibu. Alimfundisha kuchuchumaa ukutani, kuinua nyonga akiwa amelala, kunyoosha mapaja. Kisha likaja zoezi la ajabu: kumkumbatia mwenzake kwa nyuma na kushuka naye sakafuni polepole.

"Anayeanguka usishindane naye," alimwambia. "Shuka naye."

Mwanzoni Komando alifanya peke yake koridoni, wenzake wakimtania kwamba anatafuta namba kwenye timu ya taifa. Muuguzi mmoja aliyekuwa akiumwa bega akajiunga, bega likatulia, na wengine wakafuata. Mwaka huu hakuna hata mmoja wa wodi hii aliyelala nyumbani kwa sababu ya mgongo.

Tukiwa bado tunaongea, dereva mmoja mwenye plasta mguuni anaamua kwenda chooni bila kumwita mtu. Gongo lake linateleza.

Komando anamfikia kabla mwandishi hajainuka kitini. Safari hii hadaki. Anamkumbatia kwa nyuma, anakunja magoti, na wote wawili wanashuka taratibu mpaka chini, kama watu wanaoketi mkekani.

"Umeumia?" anauliza Komando.

"Hapana, mama. Wewe je?"

Komando anajishika kiuno. Anajipinda kulia, anajipinda kushoto.

"Mzima!" anapiga kelele, na anacheka mpaka machozi yanamtoka. Wagonjwa wanapiga makofi. Mwandishi naye anapiga makofi, kalamu hajui imeangukia wapi.

Kwa nini furaha yote hiyo? Jibu lake linakuja baadaye, akipuliza chai yake. Yule binti aliyemwogesha anatarajia kujifungua mwezi ujao.

"Sasa ni zamu yangu kuogesha," anasema. "Na mjukuu wangu sitaletewa nimshike kidogo nikiwa nimekaa kwenye kochi, halafu wamchukue. Nitambeba hapa."

Anajipigapiga mgongoni.