Neno Nililowapa Watu wa Butembo

Naikumbuka bado ile asubuhi ya ukungu, mwanangu, pale Nyamitaba, prefe, mkuu wa shule yetu, alipotuita sisi wa mwaka wa mwisho atuambie habari za chuo cha mifugo cha Butembo. Nilikuwa msichana mwembamba, mtoto wa wafugaji, viatu vimelowa umande wa malishoni.

"Wanaanza kupokea sasa, mbele ya egzetat," alisema, maana ndivyo tuitavyo mtihani wa mwisho wa sekondari. "Lakini mwenye kutoa neno lake, njo ametoa. Hataomba fasi ingine."

Nawe leo umenipigia simu kuniuliza kama ukubali kile chuo unachokiota, kinachotaka ujifunge nacho kabla vingine havijajibu. Acha nikusimulie.

Mimi nilianza kuota Butembo mwaka ule ng'ombe wetu mwekundu aliposhindwa kuzaa. Alikuja mganga wa mifugo kutoka Mushaki, mwanamke kijana aliyesomea Butembo. Akavua koti katika baridi ile, akaingiza mkono hadi begani, ndama akatoka hai. Kisha akanywa maziwa nasi, akicheka, damu bado iko kwenye kiwiko. Sikuwa nimejua kwamba mwanamke anaweza kuifanya kazi ile.

Papa, baba yangu, hakupenda. Mdogo wake aliyekaa Kinshasa alikuwa ameahidi kunitafutia nafasi ya kusoma sheria. "Ngoja kwanza tusikie jibu ya Kinshasa," alisema. Haraka haraka haina baraka, ni kweli. Lakini wahenga hao hao walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Basi methali peke yake haikunitosha. Nilimwendea nyanya, mama yake Papa, nikamkuta uani akitikisa kibuyu cha maziwa. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Kama unakwisha kutoa neno," akaniuliza, "kisha mulango mukubwa kuliko huu unafunguka, utalia?"

"Hapana, nyanya. Siwezi kulia."

Akaacha kutikisa kibuyu. "Umejibu mbio sana. Unapenda ile kazi, ao unapenda tu vile watu watakuangalia ukitoka Butembo? Enda ufwate ngombe juma nzima. Kisha urudi unijibu."

Nilikasirika. Si nilizaliwa katikati ya ng'ombe? Lakini kwetu kuchunga ilikuwa kazi ya kaka zangu. Mimi nilijua kuuza maziwa. Nikaenda. Mvua ya milima ile, mwanangu, huingia mpaka kwenye mifupa. Kulikuwa na mtamba mwenye ukwato uliooza; nilimsafisha usaha kila asubuhi, naye akanishukuru kwa teke la paja. Nilinuka hata mimi mwenyewe nilijisikia. Lakini kila nilipolala niliuwaza ukwato ule. Niliiwaza Kinshasa pia, mji ambao sikuwahi kuuona, nikasikia uchungu wa kuukosa.

Niliporudi nikamwambia, "Nyanya, nitalia. Lakini nitaenda Butembo."

Akanishika mkono. "Sasa njo umesema kweli. Muntu mwenye anajua kile anaacha, huyo anaweza kutoa neno."

Nikalitoa. Egzetat ilipopita, habari ikaja: baba mdogo amepata nafasi, na nyumba ya kukaa. Papa akataka nirudi nyuma. Nyanya akamkatiza: "Mutoto alitoa neno yake macho wazi. Usimufundishe kuirudisha." Nililia nyuma ya zizi, nikalia kweli, kisha nikapanda juu ya lori la viazi.

Rafiki yangu Mapendo, binti wa wakulima jirani zetu, alikuwa na ndoto ile ile. Yeye hakutoa neno. Babaye alikuwa amefariki, wadogo zake wakimtegemea, hakuweza kujifunga kabla ya kujua ni chuo gani kitamsaidia karo. Alingoja, akaenda Goma kusomea ualimu. Hakuna aliyemwita mwoga, na asiwepo.

Nyanya alifariki nikiwa Butembo. Sikumzika. Hilo sikuwa nimeliwaza wakati ule, na mpaka leo nikisikia maziwa yakitikiswa kibuyuni nasimama kidogo. Siku nyingine nasikia mwanasheria akisema redioni, najiuliza. Kisha mtu ananiita kwa ng'ombe wake, naenda.

Basi, mwanangu, usiniulize kama chuo hicho ni kizuri. Enda ukakae karibu na kazi yenyewe, uone matope yake. Uliza karo wazi, usione haya, na kama wazazi wako nyumbani hawawezi kujifunga, ngoja bila aibu. Lakini ukishajua utakachokililia, na bado moyo unasema twende, toa neno lako, na ukilitoa usilirudishe. Ahadi ni deni.

Mungu akufungulie mlango unaokufaa, akupe na miguu ya kuingilia. Popote utakapolala, watu wa hapo wakuite mtoto wao. Amina.